Samaki Akaaye Majanini

Mtu atokaye Fizi akielekea magharibi, akiisha kuivuka milima iliyosimama juu ya Ziwa Tanganyika, hukutana na maji yanayofuata njia moja naye. Hayo ni maji ya Luama. Mto huo huzaliwa katika milima hiyo hiyo, karibu na ziwa, lakini hulipa ziwa kisogo. Hupita katika nchi ya Wabangubangu, eneo la Kabambare, kisha huenda kujimwaga katika mto mkubwa wa Lualaba, upande wa juu wa Kasongo. Mwaka 1876 Stanley alilifuata bonde hili toka Kabambare mpaka makutano ya mito miwili, akafika huko mwezi wa Oktoba. Tangu hapo walioandika habari za nchi hii, karibu wote, wameandika habari za katikati ya mto: upana wake, nguvu ya mkondo, maporomoko yake, mitumbwi na meli. Ukingoni hawakutazama sana. Nao wenyeji wa Kasongo na Kabambare, wakitaka kitoweo cha nyumbani, hawaendi katikati ya mto. Huenda majanini.

Msomaji asilichukue neno hili kwa wepesi. Kusini mwa Maniema kiangazi ni kifupi, tangu Juni hata Agosti. Septemba mvua huanza kurudi, na maji hupanda polepole mpaka kufurika kabla masika hayajakwisha. Basi kati ya mto wenyewe na nchi kavu pana nchi ya tatu, isiyo maji kamili wala udongo kamili. Humo humea matete na mafunjo, na nyasi ndefu ambazo mizizi yake hushika tope na mashina yake hulala juu ya maji, hata mtu mgeni adhani anaweza kutembea juu yake. Anaweza, hatua mbili. Ya tatu humfikisha kifuani. Penye maji yaliyotulia kuna mayungiyungi, na chini yake majani membamba yasiyotoka juu kamwe, yanayoyumba na mkondo kama nywele za mtu aogaye.

Kwa macho ya mpita njia mahali hapo ni uchafu na mbu tu. Kwa samaki ni nyumba, ghala na chumba cha kuzalia. Kambare, mara mvua kubwa za kwanza zinapoyainua maji, huacha mto usiku, huingia katika nyasi zilizofunikwa jana tu, na kuyatagia mayai yake hapo. Jike kubwa hutoa makumi ya maelfu. Mayai hunata kwenye nyasi, na baada ya siku moja au mbili huwa yameanguliwa. Hakuna mama anayewalinda wadogo hao. Mlinzi wao ni majani. Maji yakipungua ghafula, kambare mkubwa hana hofu sana, maana amepewa uwezo wa kuvuta hewa ya juu, naye hujiburuta katika majani yenye umande mpaka apate dimbwi jingine. Watoto wake hawajui kazi hiyo bado.

Perege wana desturi nyingine. Wako ambao mama huyachukua mayai kinywani mwake, akakaa nayo siku nyingi karibu bila kula; na hata yakiisha kuanguliwa, wadogo hukimbilia kinywa kile kile wakiona kivuli cha hatari. Kamongo naye, yule samaki mrefu mwenye mapafu, dume lake huchimba kiota katikati ya mizizi na kukilinda kwa meno. Si wote wampendao mezani, na mimi siwalaumu; lakini mtu aliyekwisha kumwona kamongo akiulinda mlango wake hamdharau tena. Na kando kando ya majani hayo hukaa mwindaji mwembamba mwenye pua ndefu na meno makali, ambaye Waingereza humwita paiki wa Afrika. Huyu humwogopa mbenga, mla samaki mkuu wa maji yaendayo kasi, basi hujificha pembezoni, hujinyoosha kimya kama kijiti, akangoja. Mayai yake huyatungika katika povu alitengenezalo mwenyewe kati ya majani. Mvuvi akiona povu jeupe lisilosogea na maji, ajue kwamba mwenye nyumba hayuko mbali.

Uvuvi wa mahali kama hapo hautaki nguvu; wataka kujua mlango uko wapi. Wavu mrefu hauvutiki katika mafunjo, na jarife likitupwa ovyo hunasa majani kuliko samaki. Kwa hiyo mvuvi wa ukingo huenda na mtumbwi mdogo, akisimama nyuma na upondo, si kafi, kwa kuwa kafi hupiga kelele. Hutazama mahali majani yanapokwisha na maji meusi yanapoanza. Mstari huo ndio njia kuu. Wadogo hukaa ndani ya majani, wakubwa hupita nje yake wakiwatafuta, hasa alfajiri na magharibi, jua linapokuwa chini. Hapo ndipo mshipi mwepesi hushushwa, wenye ndoana moja na chubwi ndogo, na chambo cha nyungunyungu, au kumbikumbi katika majuma yao. Mwenye haraka hutupa katikati ya majani, akapoteza ndoana. Mwenye maarifa hutupa upana wa mkono mmoja nje yake, akaacha samaki atoke mwenyewe.

Ni ajabu kwamba desturi hii yajulikana pia mbali sana na Maniema. Katika maziwa baridi ya Kanada na kaskazini mwa Marekani yumo samaki aitwaye walleye, ambaye jicho lake hung'aa kama kioo likimulikwa, kwa sababu nyuma yake pana utando unaourudisha mwanga, naye huona vizuri giza linapoingia. Watu wa Minnesota wamempenda hata mwaka 1965 wakamfanya samaki wa jimbo lao. Wavuvi wake nao hufuata ukingo wa majani, nao huamka kabla ya jua. Lakini wana jambo moja ambalo lingefaa kuangaliwa huku kwetu: mara nyingi mtu huwa na kipimo chomboni, na katika maziwa mengi akimpata asiyetimiza urefu uliowekwa na sheria, sharti amrudishe majini. Kweli, wengi wao huvua kwa furaha, wala si kwa njaa, na kumrudisha samaki ni rahisi kwa aliyekwisha kula.

Turudi Luama. Njia ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo bora, ni ya mgono. Mgono ni kikapu kirefu kilichosukwa kwa fito na kamba za mwituni, chenye mdomo mpana na koo jembamba ambalo ncha zake zaelekea ndani. Samaki huingia kwa urahisi, asipate kugeuka. Wavuvi hujenga uzio wa matete toka nchi kavu hata kwenye maji yenye kina, wakaacha mianya, na kila mwanya wakauziba kwa mgono. Maji yakipanda, midomo hutazama mto, ili kuwapata waingiao. Maji yakishuka, migono hugeuzwa, midomo ikatazama majani, ili kuwapata watokao. Siri yote imo katika nafasi kati ya fito. Fundi wa zamani huweka kidole gumba kati ya ufito na ufito. Kinachopita hapo si chake mwaka huu.

Wanawake wana uvuvi wao wa kiangazi. Vijito vikipungua, huchagua sehemu, huziba juu na chini kwa tope na vijiti, kisha huyateka maji kwa vikapu na masufuria mpaka samaki wabaki wakirukaruka topeni. Ni kazi ya kuvunja mgongo, hufanywa na wengi kwa pamoja, na mapato hugawanywa papo hapo. Kazi hiyo haimalizi samaki, maana kijito kizima hakizibwi. Na mvua ikija, boma la tope huvunjika lenyewe.

Ufundi wa watu wa Lualaba ni wa kale mno. Mbali juu ya mto huu, katika Katanga, kabla haujaipita ile Milango ya Jehanamu iliyo chini ya Kongolo, Lualaba hupita katika mabwawa ya Upemba na Ziwa Kisale, mahali ambapo mafunjo hufanya visiwa vizima vinavyoelea. Huko Sanga, tangu mwaka 1957, wataalamu walichimba makaburi ya watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakakuta pamoja na vyungu vizuri sana ndoana na vyusa vya chuma. Watu wale walizikwa na zana zao za uvuvi. Maji yale yale, miaka yote hiyo, yameshuka kwenda Kasongo.

Na Nyangwe je? Mahali hapo, chini ya Kasongo, palikuwa na soko kubwa ukingoni mwa mto. Livingstone, aliyekwisha kulala mgonjwa Kabambare muda mrefu, alifika Nyangwe mwaka 1871, akashangaa kuona jinsi wanawake kwa mamia walivyokuja na mizigo yao, wakibishana bei na kucheka. Wagenya, wenyeji wa mto, walivuka na mitumbwi wakileta samaki, wakachukua vyakula vya bara. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wenye bunduki wa wafanya biashara walianza ugomvi sokoni kwa ajili ya bei ya kuku, wakawapiga risasi wanunuzi na wauzaji. Watu walikimbilia mitumbwi iliyojazana katika ghuba ndogo, wengi wakazama. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ya siku hiyo, ilipofika Uingereza, iliwaudhi watu mno, na ikatia nguvu madai ya kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja, jambo lililofanyika mwaka 1873. Nalitaja hapa kwa sababu ya neno moja: soko lile lilisimama juu ya samaki. Bila mgono wa Mgenya, mama wa bara hangekuwa na sababu ya kutembea njia ndefu hivyo na muhogo wake kichwani.

Katika Kasongo ya sasa samaki hajapoteza cheo chake. Mji una misikiti na makanisa, na samaki ni kitoweo kinachoweza kuwekwa mbele ya mgeni yeyote bila kumwuliza kwanza dini yake. Huliwa na ugali wa muhogo, au na wali, nafaka iliyoletwa na watu wa pwani zama za Tippu Tip, ikapata kwao. Kwa mawese na pilipili, na sombe kando. Wale waliokaushwa kwa moshi juu ya uchaga hufungwa katika majani, wakapanda baiskeli zinazosukumwa kwa mkono hata Kabambare na migodi ya dhahabu ya upande wa Namoya, maana huko vijito vingi vimechafuka kwa udongo unaooshwa na wachimbaji, na katika maji mazito kama chai ya maziwa yai la samaki hufunikwa na tope, likafa.

Sharti nizungumze hapa juu ya kosa moja la fikira. Watu waliosoma kidogo husikia redioni kwamba magugu ya maji ni adui, basi wakitazama ukingo wa Lualaba husema, tuyafyeke. Magugu si ndugu wa baba mmoja. Gugumaji, lile lenye ua la rangi ya zambarau, latoka Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Mto Kongo mwaka 1952, na katika muda wa miaka mitatu lilikuwa limeenea kilometa kama 1,600, kati ya Léopoldville na Stanleyville, miji iitwayo sasa Kinshasa na Kisangani. Tangu miaka ya 1990 limewatesa na wavuvi wa Ziwa Viktoria. Hilo hufunika maji kama mkeka, huzuia mwanga, na chini yake hewa hupungua hata samaki wakaondoka. Lakini tete na funjo na nyasi za kuelea zilikuwapo kabla yetu. Huacha njia, huacha mwanga, hushika tope lisiingie mtoni. Kulifyeka funjo kwa sababu ya makosa ya gugumaji ni kumwadhibu mwenyeji kwa hatia ya mgeni.

Hatari kubwa zaidi haitoki kwenye jani, yatoka mkononi. Ya kwanza ni utupa. Majani yake hupondwa na kutiwa katika maji yaliyotulia. Baada ya kitambo samaki huelea, wakubwa na wadogo pamoja, na asubuhi ya pili hapana hata kiluwiluwi. Tangu enzi za Wabelgiji sheria imekataza, na kabla yao wazee walikuwa na masharti yao ya mahali na wakati. Ya pili ni mpya, nayo ni ya kusikitisha zaidi kwa kuwa ilikuja kama zawadi: chandarua. Vyandarua vyenye dawa hugawiwa bure ili kuwakinga watoto na malaria. Matundu yake ni madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Watu wawili wakikikokota katika majani, hakuna kitu kinachobaki nyuma. Na dawa ile, isiyomdhuru mtoto alalaye, ni sumu kali kwa samaki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 juu ya vijiji vya kando ya Tanganyika ulionyesha kwamba jamaa nyingi mno hutumia vyandarua kwa uvuvi. Huku kwetu hatuhitaji uchunguzi. Yatosha kutembea ukingoni asubuhi.

Nilitembea hivyo kati ya Kasongo na Nyangwe, maji yalipokuwa yameanza kupanda. Mama mmoja kijana na mdogo wake walikuwa wakitoka majanini na chandarua cha buluu, na ndani yake kitu kama uji wa fedha: vidagaa vya kambare na perege, hakuna aliyefikia urefu wa kidole. Mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa akitengeneza mgono chini ya mti, aliwaita.

"Mama, hujambo. Hao ni wa sufuria?"

"Sijambo, baba. Ni wa sufuria."

"Wangalingoja miezi michache, mmoja wao angalijaza sufuria peke yake."

Mama akaweka mzigo chini, akamjibu kwa heshima, lakini bila kuinamisha macho. Alisema kwamba alitoka upande wa Kabambare, kwamba shamba lake la muhogo lilibaki huko siku watu wenye silaha walipoingia kijijini, na kwamba hapa hana shamba wala mume. "Baba, miezi michache ni mingi. Watoto wangu ni wanne, nao huamka kila siku."

Mzee akanyamaza kitambo. Nilidhani atasema habari ya sheria, au ya mababu. Hakusema. Maana ukweli ni kwamba mama yule hakukosea hesabu yake. Aliyemwibia shamba ndiye aliyemsukuma majanini, na huyo hakuwapo pale kuhojiwa. Tena mzee naye hakukosea. Wako wajukuu zake, na uzio wake, ambao mwaka uliotangulia, kwa maneno yake, ulimpa nusu ya vile alivyozoea. Watu wawili wenye haki walisimama mbele ya kikapu kimoja cha samaki wadogo, nami sikuwa na neno la kuwapatanisha.

Mwisho mama ndiye aliyeuliza. "Mgono mmoja husukwa siku ngapi?"

"Siku mbili, mikono ikiwa na haraka. Yangu sasa yataka nne."

"Na fito hukatwa wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu, upande wa msitu. Akamwambia fito zipi hazifai, kwa kuwa huoza upesi, na jinsi ya kuzilaza majini kwanza ili zikubali kupinda. Akamshika mkono, akamwekea kidole gumba kati ya fito mbili za mgono wake. Kisha akaongeza kwamba mwanya wa mwisho wa uzio, ule ulio karibu na nchi kavu, si mzuri sana, samaki wake ni wachache. Lakini hauna mgono, na mwenye mgono anaweza kuutumia mpaka kiangazi.

Nilipopita tena baada ya majuma matatu, uzio ulikuwa umezibwa wote. Mama alikuwa na kambare wawili juu ya uchaga na kaa mmoja aliyekuwa akichezewa na watoto. Alikuwa na vyandarua viwili, akaniambia bila kufichaficha: kimoja kimetundikwa juu ya mkeka, matundu yake ameyashona kwa uzi mweusi, cha pili huingia majini bado, siku mgono unapoamka mtupu. Juma lile, alisema, ulikuwa umeamka mtupu mara mbili.